Shaba, Sumaku na Mota Nne: Historia ya Droni Inayoingia Ukumbini

Kuna video moja isiyofika hata dakika mbili ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote niliyowahi kuinunulia tiketi. Ilitoka Machi 2021. Kamera inaanzia nje barabarani, mbele ya jengo la Bryant-Lake Bowl mjini Minneapolis, Marekani. Inaingia mlangoni, inapita katikati ya watu wanaokunywa na kurusha mipira, inazama nyuma kabisa kwenye ile mitambo inayosimamisha pini, inatokea tena ukumbini. Hakuna mahali ilipokatwa. Video inaitwa "Right Up Our Alley", mwongozaji ni Anthony Jaska na aliyeirusha kamera ni Jay Christensen. Sauti za watu ziliongezwa baadaye, maana chombo chenyewe kinapiga kelele kama nyuki waliochokozwa na watoto.

Chombo hicho ni droni inayotosha kwenye sahani ya wali. Ina mota nne na mapangaboi manne, na kila pangaboi limezungushiwa pete ya plastiki. Rubani anasimama pembeni amevaa miwani yenye skrini ndani, anaona kile tu ambacho droni inakiona. Ndiyo maana ya zile herufi FPV. Wenyewe wanakiita Cinewhoop, jina lililozaliwa kwa kuunganisha sinema na Tiny Whoop, ambayo nitaifikia. Mimi nitaiita wupu, maana ulimi nao una haki zake.

Sababu ya kuichimba historia hii ni ya kimaisha zaidi kuliko ya kitaaluma. Rafiki yangu mmoja, fundi simu wa Kariakoo ambaye wikiendi hugeuka mpiga video wa harusi, alikwenda na droni yake ya kawaida kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Mama mwenye ukumbi aliitazama ikiwa mezani, akagusa ncha ya pangaboi kwa kidole, akasema: "Mwanangu, hayo mapanga yako yatabaki nje. Humu ndani kuna watoto na kuna magauni ya watu." Kazi ikapotea. Bwana harusi akapata mpiga video mwingine na rafiki yangu akarudi kibandani kwake akiwa na swali: yale mapanga yanafunikwaje bila chombo kukataa kuruka? Na mota gani zitaweza kuubeba mzigo huo? Akaniletea mimi, eti kwa kuwa mwandishi wa habari kazi yake ni kuuliza.

Basi nikauliza. Nilichokikuta kinaanzia baharini.

Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kort alilizungushia pangaboi la meli bomba fupi la chuma. Aligundua kwamba chombo kinachovuta mzigo mzito kwa mwendo wa taratibu kinapata nguvu zaidi kikiwa na bomba hilo kuliko pangaboi likiwa wazi. Hadi leo tagi nyingi duniani, zile meli fupi zinazosukuma meli kubwa bandarini, zinatumia bomba la Kort. Angani wazo hilohilo lilimpata Mwitaliano Luigi Stipa, ambaye mwaka 1932 alishirikiana na kampuni ya Caproni kutengeneza ndege iliyofanana na pipa lililootewa na mabawa. Injini na pangaboi vilikuwa ndani ya pipa. Iliruka kweli! Ilikuwa tulivu na ilitua kwa mwendo mdogo sana, ila pipa lile lilikuwa linakokota hewa nyingi mno na mbio haikuwa nazo. Mwaka 1955 Wamarekani wa kampuni ya Hiller walirusha jukwaa la mviringo ambalo askari mmoja alisimama juu yake, mapangaboi yakizunguka ndani ya pete chini ya miguu yake. Askari aliliongoza kwa kuinamisha mwili. Jeshi lililiona ni la polepole mno, likaachwa.

Vyombo vyote vitatu vinasema jambo moja. Pete ni rafiki wa mwendo mdogo na adui wa mbio. Pangaboi lililo wazi likisukuma hewa chini, mkondo wa hewa hujibana na kuwa mwembamba, na kujibana huko ni nguvu inayopotea. Pete huuzuia mkondo usijibane. Zaidi ya hapo, mdomo wa pete ukiwa umepinda vizuri kama mdomo wa mtungi, hewa inayoingia kwa kasi juu yake hupunguza msukumo wa hewa pale, na pete yenyewe ikavutwa juu. Kwa hesabu za kitabuni, ukilinganisha mapangaboi ya eneo lilelile yanayoinua uzito uleule, lenye pete linahitaji nguvu kama asilimia 71 tu ya lisilo na pete. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila droni ingepaswa kuvaa pete. Lakini hesabu hiyo inataka pete ndefu, mdomo mnene, na nafasi kati ya ncha ya pangaboi na ukuta iwe nyembamba kama unene wa shilingi. Pete za droni zetu ni fupi, nafasi yake ni pana, na zina uzito wake. Faida ya kitabuni huliwa karibu yote na uzito huo. Kinachobaki ni usalama, na kwa mama mwenye ukumbi usalama ndio ulikuwa wote.

Sasa tuje kwenye mota, maana hapa ndipo nilipokaa usiku kucha.

Mota ya droni ni vitu viwili, waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, na sumaku ndogo zilizobandikwa ndani ya kikombe kinachozunguka nje yake. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa sumaku. Miaka ya 1970 sumaku bora kuliko zote ilikuwa ya samariamu na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka sehemu moja, kusini mwa Zaire, katika jimbo la Katanga ambalo Mobutu alikuwa amelibatiza jina la Kiswahili: Shaba. Mwezi Mei 1978 wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola wakauteka mji wa migodi wa Kolwezi. Mobutu aliomba msaada, na tarehe 19 Mei askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka mjini. Watu mamia waliuawa, weusi kwa weupe. Wataalamu wa migodini walikimbia, uzalishaji ukayumba, na bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa.

Habari za Kolwezi zimeandikwa sana upande wa vita na siasa za wakubwa. Upande wa sumaku haujaandikwa sana kwa lugha yetu, na ndio ulionifanya nisimame nizunguke chumba. Kupanda kwa bei kule kuliwatia hofu wenye viwanda. Kampuni ya magari ya General Motors ilihitaji sumaku kwa mota ndogo za magari na haikutaka tena kutegemea madini ambayo vita vya wiki moja vingeweza kuyapotezea sokoni. Watafiti wakageukia chuma, ambacho kipo kila mahali. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa kampuni ya Sumitomo Special Metals nchini Japani, na John Croat wa General Motors nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku mpya ya neodimiamu, chuma na boroni. Ilikuwa na nguvu kuliko ile ya kobalti na malighafi yake ilikuwa rahisi zaidi kupatikana. Sagawa alipewa tuzo ya Queen Elizabeth ya uhandisi mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Ndiyo sumaku iliyomo kwenye kila mota ya droni unayoiona leo ikipiga picha za bwana na bibi harusi ufukweni.

Nilipomsimulia fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe hawa wa Kolwezi walipigwa risasi ndio sisi tukapata mota?" Nilimjibu kwamba si moja kwa moja hivyo, wanasayansi walikuwa wameanza kuitafuta njia hiyo kabla ya 1978. Lakini vita vile ndivyo vilivyofungua mifuko ya wenye pesa.

Sumaku peke yake haikutosha. Mota za zamani za vitu vya kuchezea zilikuwa na brashi, vipande vya kaboni au chuma vinavyogusana na sehemu inayozunguka ili kubadilisha mwelekeo wa umeme. Brashi zinasuguana, zinalika, zinakufa. Mota isiyo na brashi hubadilishiwa umeme na saketi ya nje, na wazo hilo wahandisi walikuwa nalo tangu mwaka 1962. Wapenda ndege ndogo walikuja kulipata kwa bei nafuu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa njia ambayo fundi yeyote wa Kariakoo angeiheshimu: walibomoa madraivu ya CD yaliyokufa. Ndani ya kila draivu kulikuwa na mota ndogo isiyo na brashi ya kuzungushia sahani. Waliuondoa waya wa zamani, wakasuka waya mnene zaidi kwa mkono, wakabandika sumaku za neodimiamu badala ya ile hafifu ya kiwandani, na wakapata mota ya kurushia ndege. Viwanda vya China vikaona, vikaanza kuzitengeneza kwa maelfu. Mpaka leo umbo la mota ya droni, kikombe kinachozunguka nje na shaba iliyotulia ndani, ni lilelile la mota ile ya CD.

Ubongo nao ulitoka kwenye mchezo. Droni ya mapangaboi manne haina utulivu wa asili. Wafaransa ndugu Breguet waliinua chombo cha namna hiyo mwaka 1907 na ilibidi watu wasimame pembeni wakikishikilia. Kinachokiweka sawa siku hizi ni kihisio cha mzunguko kinachosomwa na kompyuta mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Nintendo ilipotoa kifaa cha Wii MotionPlus mwaka 2009, vihisio vya aina hiyo vilianza kuuzwa kwa bei ya mchezo wa watoto. Wapenzi wa droni walivichomoa, wakaviunganisha na bodi ndogo za Arduino, na programu yao wakaiita MultiWii. Wengine waliichukua wakaiboresha, wengine wakaiboresha ile iliyoboreshwa, na mjukuu wake, Betaflight, ndiye anayeendesha wupu ya rafiki yangu. Yote bure, yote kazi ya kujitolea.

Mwaka 2014 video ya Wafaransa wakikimbiza droni zao kati ya miti karibu na kijiji cha Argonay ilizunguka dunia nzima na mashindano yakashika moto. Machi 2016 kijana wa Uingereza wa miaka 15, Luke Bannister, alishinda mashindano ya Dubai na timu yake ikaondoka na dola 250,000. Miaka kumi na mitano! Mimi umri huo nilikuwa naomba nauli.

Wakati wakubwa wanakimbizana Dubai, Marekani kulikuwa na mtu anacheza sebuleni. Kampuni ya Horizon Hobby ilikuwa inauza kidude kiitwacho Blade Inductrix, droni ya kukaa kiganjani yenye pete nne ili isikate mapazia. Jesse Perkins wa Colorado aliifunga kamera ndogo sana ya FPV, akaanza kupita chini ya viti na katikati ya miguu ya meza. Hiyo ndiyo Tiny Whoop. Mota zake zilikuwa za brashi, za saa chache tu kisha unatupa, na haikuweza kubeba kamera ya maana. Lakini ilionyesha kwamba pete zinabadilisha mahali unaporuhusiwa kuruka. Ukigonga ukuta unadunda na kuendelea. Ukimgonga mtu, unaomba radhi tu.

Hatua iliyobaki ilikuwa kuikuza iweze kubeba GoPro. Mwaka 2018 Andy Shen, mbunifu wa fremu anayeuza kwa jina la Shendrones, alitoa fremu aliyoiita Squirt, yenye pete nne na mapangaboi ya inchi tatu, iliyobuniwa kwa ajili ya GoPro Session, kamera ya mraba ya gramu 74. Viwanda vya China, iFlight wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, vikaingia kwa fremu zao. Picha za mwanzo zilikuwa zinatetemeka kama mlenda. Mwaka 2019 ikaja programu ya ReelSteady GO, inayosoma kumbukumbu za vihisio vya kamera yenyewe na kuinyoosha picha baada ya kurekodi. GoPro waliinunua kampuni hiyo mwaka 2020. Mwaka uliofuata ndipo dunia ikaona ile video ya Minneapolis, na mwaka 2022 Michael Bay akatoa filamu ya "Ambulance" iliyojaa mirusho ya FPV. Agosti mwaka huohuo DJI wakaanza kuuza Avata, wupu iliyokamilika kutoka kwenye boksi, gramu 410.

Utauliza, kwa nini basi rafiki yangu asinunue hiyo tu akamaliza? Bei ni moja. La pili ni kwamba ya kuunga mwenyewe ikivunjika unabadilisha kilichovunjika. Fundi simu hawezi kukubali kirahisi kitu asichoweza kukifungua.

Kwa hiyo tukafika kwenye meza ya kibanda, fremu ya kaboni faiba imeshanunuliwa, pete za inchi tatu zipo, na zimebaki mota. Mota nne za daraja la kati ni kama laki mbili na ushee kabla ya usafiri, na usafiri wenyewe kutoka Shenzhen ni wiki kadhaa. Ukikosea umekosea kwa mwezi mzima.

Mota huandikwa kwa tarakimu nne. 1507 maana yake kiini kilichosukwa shaba kina kipenyo cha milimita 15 na kimo cha milimita 7. Wauzaji walikuwa wanamvuta fundi kati ya tatu: 1408, 1507 na 2004. Tulichukua kalamu. Ujazo wa kiini cha 1408 ni milimita za ujazo 1,232. Wa 1507 ni 1,237. Wa 2004 ni 1,257. Tofauti yote haifiki asilimia tatu! Chuma ni kilekile, shaba inakaribiana, kinachotofautiana ni umbo. Ile pana na fupi ina mkono mrefu wa kusukumia, lakini kikombe chake kikubwa ni kizito kubadilisha mwendo. Ile nyembamba na ndefu huitikia haraka. Kwa droni nyepesi ya safari ndefu inayokwenda mbele kwa mwendo uleule, 2004 ni nzuri sana. Kwa wupu mambo ni tofauti. Wupu ni nzito, na kila inaposhuka inaangukia ndani ya upepo wake wenyewe, pete zinaukamata ule upepo mchafu, na kompyuta inalazimika kupandisha na kushusha kila mota mara nyingi kwa sekunde ili chombo kisiyumbe. Hapo uitikio ni muhimu kuliko uchumi wa betri. Tukaiacha 2004. Kati ya mbili zilizobaki tulichukua 1507, kwa sababu kidogo ya uhandisi na kwa sababu kubwa ya kwamba ndiyo iliyokuwa na vipuri.

Halafu kuna KV, na hapa watu wengi wanaingizwa mjini. KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota inazunguka kwa kila volti moja bila mzigo. Muuzaji atakuonyesha ya 3800 na ya 2500 na utadhani ya kwanza ina nguvu zaidi. Siyo. Betri ya seli nne ikijaa ni volti 16.8, zidisha kwa 3800 unapata mizunguko 63,840. Betri ya seli sita ikijaa ni volti 25.2, zidisha kwa 2500 unapata 63,000. Ni mota ileile kwa kazi ileile, imesukwa tofauti tu. Ya KV kubwa ina mizunguko michache ya waya mnene, ya KV ndogo ina mizunguko mingi ya waya mwembamba. Ukitaka nguvu ileile kwa seli sita, mkondo wa umeme unapungua hadi theluthi mbili, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, joto kwenye waya za betri, plagi na vidhibiti linashuka hadi kama asilimia 44. Ndani ya mota yenyewe hakuna unafuu mkubwa, maana ule waya mwembamba na mrefu una ukinzani zaidi. Wenye kazi kubwa wengi wamehamia seli sita. Rafiki yangu tayari alikuwa na betri tano za seli nne na chaja yake, kwa hiyo mjadala uliisha hapo: 3800.

Mapangaboi tulichagua ya mabapa matano yenye ncha zilizokatwa butu, zinazojaza pete hadi karibu na ukuta. Ncha iliyochongoka inaacha uwazi ambao hewa hurudi juu kupitia humo. Mabapa matano yanaibebesha mota mzigo mkubwa kuliko matatu, na mzigo ukizidi ni joto, na joto linaturudisha kwenye sumaku.

Sumaku ya kawaida ya neodimiamu inavumilia nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi. Ikizidi hapo inapoteza sehemu ya nguvu zake na haizirudishi ikipoa. Ndiyo maana baada ya namba kama N52 utaona herufi: H ni ya kufika nyuzi 120, SH ni 150. Wauzaji wa bei ya chini huziacha herufi hizo kimya. Kwenye droni ya mbio upepo wa safari unaipoza mota. Wupu inayoning'inia juu ya keki ya harusi haina upepo huo, ina ule wake tu unaopita kwenye pete. Kwa hiyo nikamwambia fundi asinunue mota yoyote ambayo maelezo yake hayana herufi. Akanijibu, "Sawa mwandishi, lakini na wewe shika tochi." Nikashika tochi, akachomelea waya kwa risasi, tatu kila mota. Skrubu za kufungia mota alizipima moja moja kwa kucha kabla ya kuzikaza, maana skrubu ikizidi urefu milimita moja inachimba shaba na mota inaungua kabla haijaruka.

Iliruka. Ilikuwa na GoPro ya gramu 126 na jumla ya gramu 470 kwenye mizani ya duka la jirani, ikielea kwa usukani chini kidogo ya nusu. Baada ya dakika nne mota zilishikika kwa vidole. Yule mama mwenye ukumbi alitaka kwanza airushe hadi igonge mguu wake mwenyewe fundi, mbele yake. Aliirusha, ikamgonga gotini, ikadunda. Mama akacheka, akasema Jumamosi aje.

Hapo ningeweza kuweka nukta, ila kuna mambo mawili ambayo historia haiyaachi.

Moja ni kwamba pete ndiyo pekee inayoitofautisha wupu na ndugu zake wengine. Tangu vita vya Ukraine vya 2022, droni za FPV zenye mota za ukoo huohuo, programu za ukoo huohuo na miwani ileile zinafungwa mabomu na kurushwa kwenye vifaru na kwenye watu. Desemba 2023 Rais Zelensky alitangaza kwamba nchi yake itatengeneza milioni moja kwa mwaka uliofuata. Zile hazivai pete, maana pete ni uzito na ni upole kwa unayemgonga. Vijana waliojifunza kukwepa miti kwa kujifurahisha wakawa wakufunzi wa askari.

La pili ni Kongo. Kobalti iliyotolewa kwenye sumaku ilirudi kwa mlango wa betri. Betri za litiamu zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 zilitumia kobalti, na betri laini za droni bado nyingi ni za kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kubwa yake katika ukanda huohuo wa Kolwezi, na watu wanaoishuka kwa kamba na sururu wanaongea Kiswahili.

Na ile neodimiamu iliyoepa vita vya Shaba nayo imepata siasa zake. Kuzisafisha metali za kundi hilo ni kazi ambayo karibu yote inafanyika China. Aprili 2025 China iliweka vibali vya lazima kwa kusafirisha nje saba kati ya metali za kundi hilo, ikiwemo disprosiamu, ambayo ndiyo huongezwa kwenye sumaku ili ipate zile herufi za kuvumilia joto. Burundi ilianza kuchimba madini ya kundi hilo pale Gakara mwaka 2017, na 2021 serikali ikausimamisha mgodi, ikilalamika kwamba nchi haipati kinachostahili. Kwetu kuna Ngualla, mkoani Songwe, mlima wenye neodimiamu, ambao leseni yake maalum ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023. Kenya wana Mrima, kilima cha Kwale chenye msitu wa kaya juu na madini chini.

Wiki iliyopita mota moja iliungua. Kipande cha utepe wa mapambo kilinyonywa ndani ya pete katikati ya wimbo. Fundi aliifungua mezani. Sumaku kumi na mbili alizibandua kwa kisu na zote zikarukia kifuniko cha kopo la karanga na kung'ang'ania hapo. Waya ulikuwa mweusi. Aliukwangua kwa ukucha mpaka rangi ikatokea, akauweka kwenye mfuko wa shaba chakavu anaoupeleka kwa wanaonunua kwa kilo, kisha akaniomba nimsaidie kuandika oda ya mota nyingine mbili, moja ya kuweka na moja ya akiba.